Sanduku la Maoni

Ufunguo wa sanduku ninao mimi.
Si kwa cheo. Ni kwa kuwa droo yangu ndiyo pekee inayofunga.

Sanduku lenyewe fundi wa Jang'ombe alilichonga
kwa mbao zilizobaki katika meza ya Mkurugenzi,
likatundikwa ukutani, baina ya mashine ya alama za vidole
na picha yetu ya Siku ya Familia kule Fumba:
sote na fulana za manjano, tumekenua,
mimi wa tatu kushoto, jua limenifumba jicho moja.

Sisi ni familia moja, imeandikwa chini ya picha.
Nami najiuliza, katika familia gani
mtu hukatwa posho kwa kuchelewa dakika saba
asubuhi ya pili baada ya kumzika mamaake?
Shaame wa stoo hakulalamika. Alisaini
kwa mkono ule ule uliotia udongo,
kucha bado zina wekundu wa kinongo.

Kila Ijumaa kabla ya sala nafungua.
Karatasi nne, tano. Ramadhani, kumi na tisa.
Kiyoyozi cha chumba cha hesabu chatudondokea.
Mwaka wa sita huu ni kibarua, mkataba lini?
Bwana Thuwein asituite kwa kualisha vidole.
Moja ilikuwa tupu, imekunjwa mara nane.
Ile ndiyo niliyoielewa zaidi.

Nayachapa yote, nayapeleka juu.
Kutoka juu huteremka neno moja: Tumepokea.

Wiki iliyopita ikaja ya penseli,
imechanwa kwenye daftari la mtoto:
naomba kiti. ghorofa ya tatu hakuna pa kukaa. miguu yavimba.

Bwana Thuwein akaniita. Alikuwa mpole,
na upole wake ndio ninaouogopa.
"Rukia, fomu za likizo zote zapita kwako,
wewe miandiko ya watu unaijua.
Huyu nani? Nataka kumsaidia."

Kumsaidia.
Zuhra wa mapokezi naye alisaidiwa;
sasa anauza mitandio Mwanakwerekwe,
na mimi nikipita hujifanya nasoma simu.

Nikaitazama ile g ya ghorofa,
mkia wake umepinda kama ndoana.
Naijua. Nimeizaa mimi,
saa ya chakula, kwenye ngazi za nyuma,
migongoni mwa memo zilizoharibika:
Mize Pandu, mfagiaji, mtu wa Makunduchi,
aliyepokea mshahara kwa dole gumba
hadi mwaka juzi.
Hii ndiyo sentensi yake ya kwanza duniani
isiyokuwa jina lake.

"Siujui," nikasema. "Labda wa mgeni."
Akatabasamu, akaipanga karatasi sawasawa
na ukingo wa meza.
"Wageni hawapandi ghorofa ya tatu, Rukia."

Sitaki kujisifu hapa.
Nina watoto watatu, na mkopo wa mabati
unaokatwa tarehe ishirini na tano, mvua au jua.
Sikusema, "Mpe kiti."
Maneno mawili tu, na viti vibovu sita
vimerundikwa stoo kwa Shaame, ninavijua kwa namba.
Nikasema, "Nitaangalia, bwana,"
nikatoka kinyumenyume kama mtu wa enzi za bibi yangu.

Mchana Mize alikuja ngazini, kavua viatu,
kaleta mkate wa mofa kwenye kitambaa.
"Mwalimu, leo twasoma nini?"
Nikachukua penseli.
Nikamfundisha g nyingine, iliyonyooka,
kavu, kama ya kila mtu.

Akaiandika mstari mzima, ulimi nje.
Kisha akauliza: "Na ile ya zamani ina kosa gani?"

Haina kosa, nikamwambia.
Ile ndiyo nzuri.
Iweke ya nyumbani.