Kipimo cha Mtu Asiyekuwepo

Kibao hiki hakizidi upana wa kitambulisho.
Kina megabaiti nane za kumbukumbu
na subira isiyo na mwisho.
Kesho Ombewa atakifunga kwenye nguzo ya daraja, Ahero,
kiutazame mto Nyando ukipanda, kitume namba
kabla maji hayajabisha hodi Kochogo.

Ila hakiwezi kujijengea programu zake.
Ukikiambia kipike, kitazirai jikoni.
Basi napika mimi, Kondele, ghorofa ya pili,
juu ya duka la mbolea,
kwa kompyuta iliyong'oka herufi Q
na inayonguruma kama kinu cha unga.
Jiko ni langu, kinywa si changu.
Kichakataji changu kina magego;
cha kibao ni ufizi mtupu.

Mama anayajua haya. Miaka thelathini Kibuye,
cherehani yake mkabala na mitumba,
wateja wa Muhoroni, wa Siaya, hata wa Doha
wanamtumia vipimo kwa simu:
kifua thelathini na nane, kiuno usiulize.
Hajawahi kuwaona. Anakata, anashona.
"Kosa la fundi mchanga," aliniambia, pini midomoni,
"ni kuijaribu nguo kwenye mwili wake
akasema imekaa."
Nilicheka. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja.

Usiku wa tatu.
Vifurushi arobaini na viwili vimejengeka.
Cha arobaini na tatu, cha kuzungumza na modemu,
kinajengwa bila kelele, kinasema tayari.
Nakihamishia kwenye kibao,
na kibao hakilii, hakigombi,
mstari mmoja tu mweupe,
kama karani wa ofisi ya ardhi:
umbo la faili si sahihi.

Nabadilisha mipangilio. Nafuta yote. Naanza upya.
Saa saba na dakika ishirini stima inapotea,
Kondele nzima inaguna kwa pamoja,
na betri yangu ilikufa mwaka juzi.
Kazi ya saa mbili imekwenda na maji.
Niwie radhi, Nyando, ni msemo tu.

Ombewa anapiga.
"Huku nyota zimejaa," anasema,
"lakini upande wa Nandi kunamulika, kunamulika."
Haulizi kitakuwa tayari lini.
Hivyo ndivyo Ombewa anavyouliza.

Stima inarudi. Sijengi tena, nasoma:
kila amri iliyopita, mstari kwa mstari,
kama achambuaye mchele, maana kokoto ni moja
na jino ni lako.
Mstari wa elfu sita mia moja kumi na nane.
Hapo.
Fundi aliyeitwa siye niliyemwajiri.
Nilimwandaa anayekijua kibao, nikamwekea zana zake;
lakini aliyekiandika kifurushi, popote alipo duniani,
alichora jina la fundi wa nyumbani kwa wino usiofutika,
hakuacha pengo la mgeni.
Naye wa nyumbani, alipoitwa, aliitika.
Hana kosa. Alikata vizuri, akashona vizuri,
kwa mwili anaoujua,
wangu.

Nafuta herufi tatu. Naacha pengo.

Saa kumi na moja kasoro, kitambuzi kinaning'inia
kwa kamba ya viatu juu ya ndoo ya kufulia,
na kibao kinaandika: 23.
Nachovya rula. Sentimita ishirini na tatu.
Namimina kikombe cha chai iliyolala.
Kinasita, kinaandika: 24.

Namwandikia Ombewa: njoo, na skrubu usisahau.
Kisha nakaa sakafuni kando ya bahari yangu ya plastiki.
Mto wenyewe nimeuvuka mara mbili maishani,
mara zote mbili nikiwa nimelala.