Hadi Goti

Nilikuta mibuni imerefuka kama vijana wasiotumwa,
majani juu, mifupa chini,
na buni chache ambazo ndege tu walizihesabu.
Miaka kumi na minane.
Chini ya mbuni wa nne ndoo ya baba ilikuwepo bado,
mkono umeliwa na kutu,
na mwenye nyumba ndani yake alikuwa chura.

Nilitoka Bukavu na franga za uniti:
miaka sita chini ya mwavuli pale Nyawera,
weka elfu, weka mia tano,
mpaka nikazijua namba za mji mzima
wala hakuna aliyenipigia.

Baba mdogo Ntaboba akasema, shamba la Katana halina binti.
Nikamwuliza, kalinzi ilitolewa na nani?
Akatazama viatu vyake.
Ng'ombe yule alikuwa mweupe, ana doa tumboni,
bibi alimtaja kila palipotajwa mpaka.
Basi nikapeleka madumu mawili ya kasiksi
na mbuzi asiyependa kutembea.
Mkubwa wa kijiji akanywa, akatikisa kichwa, akanywa tena.
Alhamisi karatasi ikapigwa mhuri.
Mbuzi sijui aliishia wapi.
Najua.

Murhula, bwana shamba, alikuja na pikipiki ya kuazima.
Akashika shina, akalibisha kwa kucha.
"Kata. Yote. Hadi goti. Usiihurumie."
Mama yangu, M'Cirhuza, akaketi katikati ya mistari:
"Huu alinipandia wewe ukiwa tumboni.
Ukikata, nikate na mimi."
Tukarudi nyumbani.
Sombe ya jioni ile haikuwa na chumvi
na hakuna aliyeomba.

Alfajiri nikasikia panga likinolewa juu ya jiwe.
Nilipofika, visiki saba tayari,
vimekatwa mshazari ili mvua isilale juu yake,
kama baba alivyofundisha.
"Hadi goti," mama akasema, jasho puani,
"lakini goti la nani? La huyo Murhula ni refu mno."

Kaye yangu ya mwaka wa kwanza haina kahawa.
Ina debe nne za maharagwe kati ya mistari,
jembe moja, mpini mara mbili,
deni kwa Mama Nankafu,
na neno "mvua ya mawe", bila bei mbele yake.

Usiku watu wa mitumbwi walipita:
una mbichi? Hata kidogo? Tutapima hapahapa.
Baba aliwauzia maisha yake yote.
Kilo ya gizani ina gramu mia saba.
Nikazima koroboi.

Mwaka wa pili, machipukizi.
Kumi na moja juu ya kisiki kimoja, yote mazuri,
na unatakiwa kubakiza matatu.
Hapo ndipo mkono wangu ulitetemeka,
si kwenye panga.

Mwaka wa tatu tulikaanga kwa kikaango cha mikate,
ya kwanza ikaungua, tukainywa hivyohivyo.
Kule Kadutu mchapaji akashika mfuko wa kaki:
"Niandike nini?"
Mbuni wa Nne.
Akauliza kama achore ndege.
Nilipokwenda kuchukua, mifuko mia mbili
ilikuwa imeandikwa "Mbuni wa Ine",
jinsi tunavyosema sisi, jinsi mama anavyosema.
Nilipunguziwa bei kwa kosa lisilokuwa kosa.

Sasa mwenye hoteli ananiuliza, huo wa nne una nini?
Namwambia bei ya kilo.

Kwa sababu wa nne haukukatwa.
Asubuhi ile ya panga mama aliuruka, mrefu, mkavu, mkaidi,
na chura yumo bado, au mtoto wake.
Kila msimu unatoa kiganja kimoja.
Mama anakikaanga peke yake, mlango umefungwa,
na harufu inapita chini ya mlango.

Jioni nafungua kaye, naandika:
mbuni wa nne, kiganja kimoja.
Safu ya bei naiacha.