Ngazi ya Kumi na Nane

Walianza kwa kubandua saruji.
Fundi Shekuwe alisema ukuta umezibwa pua
tangu ukarabati ule wa haraka, wa tenda na picha,
na chumvi, kwa kukosa pa kutokea,
inayala matumbawe kwa ndani,
kama donda lililofungwa bila kuoshwa.
Chokaa hupumua, akasema. Saruji hubana tu.
Tukachoma yetu tanurini, upande wa Manda,
tukaizima kwa maji, tukaifukia shimoni miezi miwili:
chokaa iliyozimwa, kwa mnara uliozimwa.

Kazungu, kijana aliyetoka Malindi kwa kibarua,
alikuwa hajakizoea Kiamu.
Fundi akimwita "Ndoo!"
yeye mbio, anarudi na ndoo ya maji.
Mara tatu hivyo. Ya nne fundi akaipokea,
akanawa uso taratibu mbele yetu,
akasema haya, hata hii ina kazi yake.

Mimi nilihesabu ngazi. Sabini na moja.
Kwenye makaratasi ya mkandarasi ni sabini.
Sikubisha. Ya kwanza imezama mchangani,
naijua kwa sababu niliikalia
nikifyonza mabungo, nikimngoja baba ashuke
na harufu ya mafuta ya taa mikononi,
harufu ambayo mama hakuitaka karibu na unga.

Taa yenyewe haipo.
Kioo kilichukuliwa na watu wenye barua,
barua ina muhuri, muhuri hausomeki.
Manahodha siku hizi wana simu.
Na zamani sifa ya mnara ilikuwa kuonekana kwa mbali;
aliyeukaribia mno alikuwa keshapotea ndia,
mwamba ushamshika.
Leo tunawaomba watu waje hadi mlangoni.
Tumewawekea na choo.

Ngazi ya kumi na nane, saruji ilianguka kipande kizima.
Nyuma yake, mistari ya makaa.
Mwanasha, miaka mitano. Mwanasha, sita. Mwanasha, saba,
kwa mwandiko wa baba, herufi za Kiarabu zilizoinama
kama mtu anayepita mlango mfupi.
Kando yake Badi, saba. Badi, nane. Badi, tisa.
Badi hana mstari wa kumi.

Msanifu, Bi Nyambura, alipiga magoti, akatoa futi yake.
Hii ni nini? akauliza.
Nikamwambia ni watoto.
Akapima, akaandika, akakaa kimya,
lakini ramani ilisema nyeupe toka chini hadi juu,
na kamati ilikwisha itia sahihi.

Ijumaa ile, kabla ya adhana,
Fundi Shekuwe alipaka kushoto, akapaka kulia,
akaacha katikati pengo la ukubwa wa mlango wa kabati.
Alipoulizwa, alifuta mwiko kwenye kikoi.
"Chokaa imetuishia," akasema,
amesimama mbele ya mapipa mawili yaliyojaa.

Sasa nakatisha tiketi palipokuwa jiko la mama.
Mgeni mia tano, mkaazi mia, mtoto hamsini.
Mimi mwenyewe nilikata ya kwanza, nikalipa mia yangu;
karani wa kaunti alicheka, halafu hakucheka.
Pale kwenye pengo wametundika kibao: USIGUSE UKUTA.
Kukilinda kibao ni kazi yangu, imo kwenye mkataba,
kifungu cha tisa.

Jumatatu walikuja wanafunzi wa Kizingitini, arubaini,
kelele zao zikizunguka na ngazi kama maji ndani ya mtungi.
Nikapanda nyuma yao, goti likilalamika.
Mvulana mmoja, pua inamvuja, amekwisha egemea ukutani,
kisogo juu ya mstari wa Badi, ule wa tisa,
na mwenzake amemlaza kiganja utosini.
Wakaniona. Wakaganda.
Mdomo wangu ulifunguka kusema kifungu cha tisa.
Nikasikia unasema:
vua viatu kwanza.
Baba hakukubali kipimo cha viatu.