Mfuko wa Ndani

Julai hii cherehani yangu hailali.
Buguruni, chumba cha mbele, mlango wazi hadi saa nne usiku,
fulana marobota kwa marobota:
za Shomvi kushoto, za Tabia kulia,
na mimi katikati, mguu juu ya kanyagio,
napiga pindo mikono ya watu wasiosalimiana.

Ndipo akaingia Mzee Longino Haule,
koplo mstaafu, wa Keko Machungwa,
koti la jeshi kalifunga ndani ya gazeti
kama mtu aliyebeba samaki.
"Fundi, nipunguzie. Limenipwaya."
Nikampima. Kifua kimerudi nyuma inchi nne.
Miaka arobaini na ushei imekula nyama,
ikaacha mabega.

Shomvi alikuwa pale, anahesabu fulana zake.
"Mzee, Jumapili njoo jukwaani kwetu.
Kiti cha mbele, na kofia juu."
Tabia naye hakukubali kupitwa:
"Kwetu kiti, na kadi ya bima."
"Mlimsahau nyie!"
"Mlimtumia nyie!"
Wakapandishiana, sauti juu ya sauti,
mpaka mwenye genge jirani akazima redio
asikie vizuri.

Mzee alikuwa ameinua mikono, futi kamba yangu kwapani mwake.
Hakuishusha.
"Hizi fulana zenu," akauliza, "zina mfuko?"
Hazina. Ningejua; nimeshona mia sita.
"Basi hazinifai. Mimi nina mtu wa kumweka."

Akatoa kifungo.
Kifungo kimoja cha shaba, kimefubaa.
Cha Zuberi Mkwanda, mtu wa Kilwa Kivinje,
aliyekuwa anamdai Longino sigara mbili
asubuhi ile walipofika mtoni, daraja limeshavunjwa,
na maji ya Kagera yana rangi ya chai ya maziwa.
"Sikumlipa," akasema.
Basi. Hakueleza zaidi, wala hapana aliyemuuliza.
Hata Shomvi, mwenye neno kwa kila jambo,
akabaki anakunja fulana iliyokwisha kunjwa.

Walipoondoka nikatafuta kitambaa cha mfuko.
Vipande tele sakafuni, lakini kila nikiokota
kina upande.
Hiki kinapiga kelele, hiki kinakijibu.
Nikafungua sanduku, chini kabisa,
nikatoa bafta iliyobaki
siku tulipomkatia marehemu mume wangu nguo yake ya mwisho.
Nyeupe. Haijui kushangilia wala kuzomea.
Nikakata kipande cha kiganja,
nikashona kwa mkono, cherehani nimeiacha ipumzike,
upande wa moyo.

Tarehe ishirini na tano, Mnazi Mmoja.
Mkuki ukawekwa, na ngao, na shada.
Longino kwenye mstari wa wazee, koti limemkaa.
Tabia alikuja. Fulana kaigeuza, ndani nje;
nikaiona mishono yangu yote imeanikwa,
na uzi ule ule niliowashonea wote wawili,
rili moja, ya bei rahisi.
Shomvi alichelewa, kofia kichwani, kama kawaida yake.
Tarumbeta ilipolia akaivua,
hakujua aiweke wapi,
akaishika tumboni kwa mikono miwili
kama mtoto aliyetumwa dukani akasahau alichotumwa.

Mzee hakumtazama yeyote.
Mkono wa kulia kwenye paji, saluti.
Wa kushoto ukapanda, polepole, kinyume cha amri ya gwaride,
ukagusa kifuani
pale nilipofunga fundo.

Jumatatu wamerudi, wote wawili.
Kila mmoja anataka zake ziishe kwanza.
Nikawaambia wakae.
Benchi ni moja.