Blanketi la Pipa

Pipa lilikuwa la mafuta ya kula. Nililichoma moto,
nikalisugua kwa mchanga wa mtoni na magadi
hadi likanuka chuma tu.
Koki niliichomoa kwenye tangi bovu la shule;
Asajile akaichomelea, akadai elfu tatu,
akapokea mbili na ahadi.

Chujio ni chandarua, nimekikunja mara nne.
Usicheke. Kimea hakiulizi cheo.

Ulezi niliuloweka Jumatatu,
Alhamisi ukatoa vijimkia vyeupe.
Nikauanika, nikausaga, nikapika uji wa mahindi
nikikoroga mpaka mkono ukafa ganzi.
Nikapoza. Nikatia kimea, nikafunika.

Kimya.

Julai ya Uyole, bwana: umande unaganda
juu ya majani ya viazi, maji bombani yanagoma,
na chachu nayo imejikunyata humo ndani
kama mgeni wa kutoka pwani.
Siku mbili nabandika sikio kwenye chuma.
Kimya.

Ndipo nikatoa blanketi la marehemu Ambokile,
lile la mistari, ambalo tangu Machi
sijalifua wala kujifunika.
Nikalivika pipa, nikafunga kwa kamba ya katani.

Usiku wa manane
kifuniko kikasema: pwu.
Halafu tena.

Nikavuta kigoda gizani, nikakaa nikisikiliza
kitu kikipumua chini ya blanketi lile.
Majirani wakiuliza, nitasema
nilikuwa nalinda pombe.