Usiache Kabisa Ku

Simu ni ya mjukuu, Lutengano. Ina ufa
kama wa sahani ya harusi yangu, kona hadi kona.
Mtandao hauingii nyumbani kwetu.
Unapita juu, kama ndege za watu wengine.
Ukiutaka, panda shamba la pareto la Tweve,
acha miti ya mbao mkono wa kushoto,
simama juu ya jiwe wanapolala mbuzi
na uelekeze uso Mbeya.

Nilipanda na miguu hii hii. Saa nzima.
Sakitu ilikuwa imetanda, majani yakivunjika chini yangu kama chumvi ya mawe.
Ndoo ya viazi niliiuza kwa bando.
Nasema ndoo, ile ya kilele, na mnunuzi akaitikisa ishuke, akaongeza.

Daktari akatokea nyuma ya ufa,
nusu ya uso huku, nusu kule,
kijana, shavu halijaujua wembe.
"Shikamoo, bibi."
Marahaba yangu ilifika Mbeya
wakati ameshaamkia mara ya pili.

Akasema, bonyeza mguu kwa kidole gumba.
Nikabonyeza. Akasema, achia.
Nikaachia. Shimo likabaki palepale,
kama shimo la kupandia kiazi,
tukalitazama sote watatu,
na hakuna aliyelifukia.

Tangu Laurian afe, miaka thelathini na miwili,
hakuna mwanamume aliyeuona mguu wangu.
Sasa umeonekana hadi Mbeya.

Akasogea karibu. Akaweka kalamu chini.
"Bibi, nisikilize vizuri. Usiache kabisa ku

Bando likaisha.

Ku.
Nilishuka na hiyo silabi mdomoni
kama punje ya hindi bichi, haitafuniki, haitemeki.

Mama Yeriko akasema: kumeza. Usiache kumeza vidonge, hata tumbo likiwaka.
Mwinjilisti akasema: kuomba,
lakini yeye kila sentensi ikikatika huimalizia hivyo.
Elikana wa vocha akasema: kuongeza salio,
akacheka peke yake.
Lutengano alinyamaza mpaka moto ukafifia.
"Kutembea, bibi. Au kupumzika. Mojawapo."

Zamani za ngumbaru, tukisoma kwa karabai,
mwalimu alitwambia vitenzi huanza hivyo:
kula, kulima, kuzaa, kusamehe.
Hata kufa.
Nimeikumbuka karabai ile, na mbu walioungua,
na mkono wangu ukiumba herufi k
kama mtu anayejaribu kupiga teke.

Basi sikuacha kitu.
Nilimeza. Niliomba. Nilitembea hadi kisimani,
nikapumzika kisimani.
Nililima robo ya kitalu, magoti yakilia.
Nilimpelekea dada yangu Rahabu kikapu cha mapichi
na kumsamehe lile la mpaka wa shamba,
si kwa sababu ana haki, hana,
ila kama ndilo hilo daktari alilosema?
Rahabu alipokea kikapu, akaniangalia miguu,
akasema: umevimba.

Wiki ya tatu, ndoo nyingine.
Daktari mwingine, msichana, nywele za kusuka.
"Jina lako nani, mama? Unasumbuliwa na nini?"
Nikamwambia, mimi nimekuja kuchukua neno langu.
Mwenzako alikuwa ananiambia nisiache ku nini?
Akatafuta. Nilisikia vidole vyake vikigonga,
kama kuku juu ya bati.
"Haijaandikwa, mama. Yeye amehamishwa.
Ila mguu huu ni wa kuja hospitali, tusikilize moyo."
Nauli, nikamwambia, ni ndoo nane.
"Basi kwa sasa, mama, jitahidi ku

Safari hii bando lilikuwepo.
Ni picha tu iliganda,
mdomo wake wazi, mkono hewani.
Lutengano akataka kukata, apige upya.
Nikamshika mkono. Mwache.
Ukungu ukapanda kutoka mabondeni,
ukafika kwenye jiwe, ukafika magotini,
nami nimesimama mbele ya binti wa watu
nikimtazama midomo,
namsubiri amalize.