Gari la Watu Wawili

Mwezi wa kumi, kabla ardhi ya Kuhmo haijawa jiwe,
naanza na betri.
Spana namba kumi, hasi kwanza, kisha chanya,
naibeba mpaka jikoni, naiweka kando ya jiko
pale alipokuwa akilala paka wa mama.

Halafu petroli. Tangi nalijaza hadi mdomoni,
maana tangi tupu hupumua, na pumzi yake ni maji.
Hayo aliyasema baba, Aune, siyo mimi.
Wewe ulishika tochi, mimi mrija,
tukanuka petroli sote mpaka Jumapili.

Nainua kwa jeki, pembe baada ya pembe,
nasukumia magogo chini ya ekseli
matairi yasije yakashika umbo la kusimama.
Breki ya mkono naiachia.
Ukiikaza sasa, mwezi wa tano utaikuta imeng'ang'ana,
haitaki kusikia la mtu.
Nawajua watu wa namna hiyo.
Mmoja wao ana pua kama yangu.

Ekzosi naiziba kwa waya wa kusugulia sufuria.
Panya wa huku hawana haya:
mwaka ule wa kwanza walizalia kiti cha nyuma,
upande wako.

Ulisema gari ni lako, kwa kuwa ni wewe uliyefundishwa kuliendesha.
Nikasema ni langu, kwa kuwa ni mimi niliyebaki.
Mwanasheria wa Kajaani akaandika kwa kalamu nzuri:
la wote wawili, lisiuzwe, lisitembee,
mpaka wenyewe mtakapokubaliana.
Banda ndilo tulilokubaliana.
Banda tuliliuza kwa siku moja.

Basi Volvo ya baba, ya mwaka sitini na sita,
kijani cha pea zilizochemshwa,
ikaanza kulala nje.

Nilikosea mwanzoni. Nililifunga kwa nailoni,
nikakaza kamba kama anayefunga mzigo wa kwenda mbali.
Theluji haikuingia, kweli.
Lakini jasho la chuma halikutoka.
Kikulacho ki nguoni mwako:
nilipofunua, boneti ilikuwa na malengelenge,
na chini ya kila lengelenge, kutu, nyekundu, mbichi.
Nililia. Sikukwambia.

Sasa ni turubai la kitambaa, linalopumua,
nimeliacha wazi shubiri moja chini
upepo upite kama mgeni asiyekaa.

Mwaka huu wamenibadilishia goti.
Wiki tatu hospitali, kitanda cha dirishani,
theluji ikimwagika usiku na mchana,
nami napiga hesabu: uzito wa theluji mbichi,
unene wa paa, umri wa chuma.
Muuguzi alidhani naomba.

Teksi ikaniacha langoni.
Bustani yote imezama, benchi halionekani,
kisanduku cha barua kimevaa kofia.
Gari limesimama peke yake, limefagiliwa,
turubai limenyooshwa, kamba imefungwa upya
kwa fundo lile la mkono wa kushoto
ambalo mwalimu alikupigia vidole
na hukuliacha.

Nyayo zilitoka barabarani hadi kwenye gari.
Zikalizunguka. Zikasimama muda, upande wa dereva,
theluji ilikuwa imeshindiliwa hapo.
Kisha zikarudi barabarani.
Mlangoni kwangu, hata moja.

Sikupiga simu. Ningesema nini?
Nilichemsha kahawa, nikaichaji betri,
taa yake ndogo ikakesha jikoni.

Alfajiri nikatoka na magongo yangu mawili
nikauegemeza ufagio wa baba kwenye bampa,
ule wa manyoya ya farasi.
Wa kwako, Aune, una nyuzi ngumu.
Nimeona mistari.
Utatoboa turubai.